Hakuna wa Kunistaafisha Nyumbani

Kikao chetu cha familia kilivunjika kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Ilikuwa Desemba 2024, wakati ambao watoto wote wa Tata hurudi Nkwenda, wilayani Kyerwa, kula sikukuu. Tulikaa barazani, kisahani cha amwani kikizunguka, kila mtu akichukua punje zake mbili tatu za kahawa na kutafuna. Kaka yangu mkubwa akakohoa kidogo, akaanza. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani. Ndiye anayepalilia kibanja, anayepunguza machipukizi ya migomba na kubeba kahawa mpaka chama cha msingi. Bwana shamba alikuwa amemwambia kwamba mibuni ya Tata imechoka, ikatwe karibu na ardhi ili ichipue upya. Tata alikuwa amekataa mara tatu. Mibuni ile aliipanda mwaka 1978, akiwa mwalimu kijana, kwa akiba ya mishahara yake ya kwanza.

"Tata," kaka akasema, "umefanya kazi kubwa. Sasa ustaafu, utuachie na sisi."

Tata akaweka kikombe chini. "Mimi nimestaafu serikalini," akasema. "Hapa nyumbani hakuna aliyeniajiri, basi hakuna wa kunistaafisha."

Akachukua fimbo yake, akaingia mgombani, na hatukumwona mpaka jioni. Mama akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza, "Neno gani hilo mmemwambia baba yenu?"

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, binti aliyefuata kazi ya baba yake. Swali la mama nilisafiri nalo kurudi kazini. Kila mwaka nawafundisha watoto wa watu maana za maneno, na hili lilikuwa limevunja kikao nikiwa nimekaa palepale.

Nianze na lenyewe. Kustaafu tulilipata kwa Waarabu. Kwao istaafa ni kuomba usamehewe, kuomba uondolewe mzigo uliokuwa umebebeshwa. Shina lake ni lile lile la neno afu, yaani msamaha, na la neno afya. Kwa hiyo mtu wa kwanza kustaafu, tukifuata shina, alikuwa mtu aliyesimama mbele ya mkubwa wake akasema: nimechoka, naomba unisamehe kazi hii. Ni neno la mwombaji. Siku hizi Waarabu wenyewe, mtu akifikia umri wa kuacha kazi, husema taqaud, neno linalotokana na kukaa. Lile la kuomba wameliachia zaidi mtu anayejiuzulu. Sisi tumelichukua neno la kuomba, tukalipa kazi ya kalenda.

Na kalenda haiombwi. Katika utumishi wa umma Tanzania, mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa watumishi wengi miaka 60 ni lazima. Tata alizaliwa mwaka 1957. Barua yake ilikuja mwaka 2017, na ndani yake hapakuwa na mtu aliyeomba wala aliyesamehe. Kulikuwa na tarehe. Kiswahili chenyewe kinajua tofauti hiyo, ndiyo maana tuna kustaafu na tuna kustaafishwa. Mtumishi akisikia kwamba mwenzake amestaafishwa kwa manufaa ya umma, haulizi sherehe ya kumuaga ni lini. Anajua kwamba mlango umefungwa kwa nje. Tata, mwalimu wa lugha na hesabu kwa miaka 40, alipojibu "hakuna wa kunistaafisha" alikuwa amechagua mnyambuliko wake kwa makini. Kaka alisema ustaafu. Yeye alisikia kustaafishwa.

Lakini kwa nini alisikia hivyo? Sehemu ya jibu, nadhani, iko kwenye udongo tunaoukanyaga. Kyerwa ni wilaya changa. Mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Na Karagwe, kabla ya kuwa wilaya, ilikuwa ufalme wa ukoo wa Wahinda, na makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. Waarabu wenye neno lao la kuomba msamaha wa kazi walifika hapa katika karne ya 19 wakifuata pembe za ndovu, wakawa na kituo chao Kafuro. Mwingereza John Hanning Speke alifika pamoja na James Grant mwaka 1861, akamkuta Mukama Rumanyika. Stanley akaja mwaka 1876, na Rumanyika alikuwa bado yupo.

Speke aliandika jinsi Rumanyika alivyoupata ufalme, kwa kadiri alivyosimuliwa na wenyeji wake. Baba yake, Ndagara, alipofariki, wana watatu waligombea. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kabisa, lakini iliyojaa dawa, ambayo hangeweza kuinyanyua ila yule aliyekubaliwa na mizimu. Rumanyika akainyanyua. Ndugu yake Rogero hakukubali matokeo, akaenda kukusanya watu, na pakawa na vita ambavyo wafanyabiashara wa pwani nao walitia mkono.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi nikitafuta kitu ambacho hakimo. Hakuna mahali ambapo Ndagara anawaita wanawe akiwa hai na kusema: nimechoka, nyanyueni ngoma. Mashindano yanaanza baba akiwa ameshazikwa. Rumanyika naye alikufa akiwa Mukama, na baada yake ufalme ukaingia katika misukosuko ya urithi. Katika utaratibu ule, mfalme aliye hai anatawala. Akiacha kutawala, maana yake ameuawa, amefukuzwa au amekufa. Mtu aliyekaa pembeni akinywa kahawa huku mwanawe ameshika ngoma, hana hata jina.

Sisemi kwamba Tata ni mfalme. Babu yake alikuwa mkulima, na ekari tatu za migomba na kahawa haziitwi ufalme. Lakini mila za ikulu huteremka mpaka vibandani. Katika vijiji vyetu, mzee mwenye kibanja ni mwenye kibanja mpaka siku ya kaburi, kisha ukoo unakaa na wosia unasomwa. Kumwambia aachie angali anatembea ni kama kumpimia sanda. Mama alilijua hilo bila kusoma Speke.

Watawala wenyewe walikuja kutolewa na sheria. Wajerumani walikuja, wakafuata Waingereza waliowatumia machifu kuongoza, kukusanya kodi na kuamua kesi. Kisha uhuru. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta sheria iliyowapa machifu mamlaka, na nchi nzima watu waliozaliwa kutawala wakaamka wakiwa raia. Hawakustaafu, maana hawakuomba. Hawakujiuzulu pia. Kujiuzulu limetoka katika neno uzulu, kumwondoa mtu madarakani. Anayejiuzulu anajiondoa mwenyewe, kama alivyofanya Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008. Kilichowapata machifu ni kile tunachokiita kupitwa na wakati. Kazi yenyewe ndiyo iliyotolewa chini yao, wao wakiwa wamebaki wima.

Mwaka ule Tata alikuwa mtoto wa miaka sita. Anakumbuka kwamba wazee waliendelea kupiga magoti walipokutana na watu wa ukoo wa watawala njiani, na hakuna sheria iliyowakataza.

Neno lililokosekana Karagwe likaja kutoka upande wa pili wa Ziwa Viktoria. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameshawahi kuacha madaraka mara moja: Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, ili akaijenge TANU. Mwaka 1985 alipoamua kuacha urais, hakutaka kusema anajiuzulu, wala hakupenda kusema anastaafu tu kama karani. Akachukua neno la kwao, Kizanaki, akatuletea kung'atuka.

Wakati ule Tata alikuwa anafundisha darasa la tano. Anasema walimu walikusanyika kwenye redio ya mwalimu mkuu, na mmoja wao akauliza: kung'atuka ndiyo nini? Mwingine akajibu papo hapo kwa sarufi ya Kiswahili: kufunga na kufunguka, kuziba na kuzibuka, basi kung'ata na kung'atuka. Ni kuachia ulichokuwa umekiuma. Hilo halikuwa jibu la Kizanaki, lakini lilieleweka nchi nzima, na sidhani kwamba ni jibu baya. Madaraka ni kitu ambacho mtu hukishika kwa meno.

Maana ya nyumbani kwa Mwalimu ilikuwa pana kuliko hapo. Kwa Wazanaki, kama kwa jamii nyingine kadhaa za Mara, uzee wa kuongoza ulikwenda kwa rika. Rika moja likimaliza muda wake, linaachia rika linalofuata, na kuna mila za kukabidhiana. Hakuna mzee anayefukuzwa, na hakuna anayesubiriwa afe. Ajabu ni kwamba Mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu, na baba yake, Chifu Nyerere Burito, alifariki mwaka 1942 akiwa bado ni chifu. Nyumbani kwake kulikuwa na njia zote mbili: ya kiti, ambayo mtu hutoka amebebwa, na ya rika, ambayo mtu hutoka kwa miguu yake. Alipofika mwisho wa urais, akachagua njia ya rika. Tarehe 5 Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akaapishwa, na Mwalimu akarudi Butiama kulima.

Nilipompigia kaka simu kumweleza haya, alifurahi sana. "Basi mwambie Tata ang'atuke!" Nikamwambia asikimbilie. Mwalimu aliacha urais mwaka 1985, lakini uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi mwaka 1990. Miaka mitano alikuwa ametoka na hajatoka. Wapo waliolalamika kwamba ni meno ya mbele tu yaliyoachia. Wapo waliosema kwamba ndivyo mtu mzima anavyokabidhi, kidogo kidogo, aone kama mikono inayopokea imekaza. Kaka akanyamaza kwenye simu. Kisha akasema, "Hilo la kidogo kidogo hatukuwahi kumwambia."

Kuna jambo jingine ambalo hatukuwa tumelifikiria, nalo ni kile ambacho neno kustaafu lilikuwa limemfanyia Tata tangu 2017.

Kwa wakubwa, mstaafu ni cheo. Tuna rais mstaafu, jaji mstaafu, askofu mstaafu. Benedikto XVI alipoacha kiti chake mwaka 2013, Kiswahili hakikupata shida hata kidogo: siku chache tu akawa Papa mstaafu, na waumini wa Karagwe wakalitamka kana kwamba lilikuwapo siku zote. Tunapima hata heshima kwa neno hilo. Waziri aliyetoka vizuri ni waziri mstaafu; aliyetoka kwa kashfa tunamwita waziri wa zamani. Mstaafu bado ana kitu mkononi. Wa zamani ana historia tu.

Kwa mwalimu wa shule ya msingi, neno hilo hilo lina sura nyingine. Linaanza na kiinua mgongo, ambalo kwangu ni mojawapo ya maneno mazuri kabisa ya Kiswahili cha kazi: malipo ya mtu aliyeinama miaka yote, ili sasa asimame wima. Tata alisubiri cha kwake kwa miezi mingi. Alisafiri mara nne kufuatilia faili, na mara mbili aliambiwa kuna karatasi inakosekana ambayo alikuwa ameshaipeleka. Mgongo uliotakiwa kuinuka ukazidi kuinama kwenye mabenchi ya ofisi. Zilipokuja fedha alilipa madeni ya karo zetu, akabadilisha mabati, zikaisha.

Hata hivyo alijihesabu mwenye bahati. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni iliunganishwa, na nchi nzima ikajifunza neno kikokotoo. Kabla ya hapo kikokotoo kilikuwa kifaa cha hesabu mfukoni mwa mwanafunzi. Sasa kikawa kanuni ya kugawa jasho la mtu. Mafao ya mkupuo kwa watumishi waliokuwa wakipata asilimia 50 yalitakiwa kushuka hadi asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa, na Desemba ile Rais Magufuli akasimamisha kanuni hiyo. Mwaka 2022 ikaja ya asilimia 33, na mwaka 2024 waliokuwa wakipata 50 zamani wakapandishwa hadi 40. Walimu wenzangu walio karibu na miaka 60 wanalijua neno hilo kuliko methali yoyote. Likitajwa, chumba cha walimu kinapoa.

Na Tata alikuwa na kidonda cha zamani kuliko hicho. Aliingia kazini kwa mpango wa UPE, ule wa elimu ya msingi kwa wote uliotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, ambapo vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa haraka kuwa walimu, wakijifunza huku wanafundisha. Bila wao watoto wengi wa Karagwe wasingeona ubao. Lakini watu walizitania herufi zile, wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Tata alisikia mzaha huo akiwa na miaka 20, akausikia akiwa na 50, kutoka kwa walimu vijana wenye shahada. Alijiendeleza, akafaulu mitihani, lakini mzaha haukufutika. Ofisini tunavyo vitu tunavyoviita chakavu: viti, taipureta, magari yanayosubiri mnada. Mwalimu wa UPE alijua siku zote kwamba kuna watu wanaomhesabu kwenye orodha hiyo.

Sasa fikiria mtu huyo amekaa kwenye baraza lake. Serikali imeshamwambia amekwisha. Ofisi imemwambia karatasi zake hazipo. Kilichobaki kinachomtii ni mibuni aliyoipanda kwa mikono yake. Bwana shamba, kijana mwenye umri wa wajukuu, anasema mibuni imezeeka ikatwe. Na mwanawe, kwa sauti ya upole, anatumia neno lile lile lililokuwa kwenye barua. Sisi tulidhani tunazungumzia kahawa.

Nilirudi Nkwenda wakati wa Pasaka. Safari hii sikukaa barazani. Nilimfuata Tata mgombani, nikamkuta anakata majani makavu kwa muhoro, na nikamwuliza swali la kitoto: kwa Kinyambo, mtu aliyemaliza kazi tunasemaje?

Hakuinua kichwa. "Kuhumura," akasema.

Kuhumura ni kupumzika. Waganda, majirani zetu, wana okuwummula, kupumzika na kustaafu kwa neno hilo hilo moja. Na ukilichunguza, ni ndugu wa damu na kupumua na kupumzika kwa Kiswahili. Sauti ya p ya pwani huku bara imekuwa h au w, lakini pumzi ni ile ile. Halikuazimwa popote. Lilikuwepo kabla ya barua, kabla ya Waarabu wa Kafuro, na bila shaka kabla ya ngoma ya Rumanyika. Halisemi umeomba wala umeachia ulichokiuma. Linasema umeshusha mzigo, unavuta pumzi. Tena aliyeshusha mzigo njiani, mzigo bado ni wake. Amekaa tu kando yake.

"Basi, Tata," nikasema, "kaka anakuomba uhumure."

Akasimama, akafuta muhoro kwenye jani. "Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo alivyotaka kusema."

Alicheka kidogo, cheko la mwalimu aliyeona mwanafunzi amenakili jibu lakini amelielewa. Akaniambia kuhumura pia husemwa juu ya aliyekufa. Nikamwambia ni kweli, na Kiswahili ni hivyo hivyo, kila kaburi tunaliandikia apumzike kwa amani. Hakuna neno katika jambo hili lisilo na kaburi ndani yake. Akakubali kwa kichwa. Tukatembea mpaka kwenye kahawa.

Pale ndipo aliponionyesha kitu ambacho hakuwa amemwonyesha kaka. Mstari wa mwisho, karibu na mpaka wa jirani, mibuni minne ilikuwa imekatwa kwa msumeno, mkato wa kuinama ili maji yasikae juu ya kisiki. Alikuwa ameikata mwenyewe, mwezi Januari, bila kumwambia mtu. Kwenye kila kisiki machipukizi yalikuwa yameanza kutoka, mengi, na yeye alikuwa ameyapunguza akabakiza matatu matatu. Itachukua kama miaka miwili kabla ya kuzaa.

"Nilitaka nione kwanza," akasema.

Jioni ile alimwita kaka, na mimi akaniambia nikae. Alisema mistari mitatu ya upande wa chini ni ya kaka kuanzia leo, aikate anavyotaka. Mitatu ya katikati itafuata hiyo ikianza kuzaa, ili nyumba isikose kahawa ya kuuza. Ya juu, iliyo karibu na nyumba, itabaki kama ilivyo mpaka atakaposema. Kisha akaongeza kwamba pembe ile ya mibuni minne ni ya binti yake, na kaka asiiguse.

Kaka alimshukuru, akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kwa uangalifu sana, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe: "Kwa hiyo, Tata, umeng'atuka?"

Mzee akachukua punje ya amwani kwenye kisahani, akaitafuna polepole.

"Nimeanza kupumua," akasema.